Maisha ya David Bruce, Munganga wa Watu na wa Nyama



Katika namba hii tunataka kuwaelezea maisha ya mutu moja aliyekufa zamani, lakini jina lake linaandikwa hata leo katika vitabu vya waganga wa dunia nzima. Jina lake ni David Bruce. Hakuishi hapa Katanga. Lakini magonjwa aliyoyatafuta maisha yake yote yalikuwa magonjwa ya Afrika, na moja kati yao liliua watu wengi sana katika Kongo yetu.

Tena kuna sababu ingine. Wengi wetu tunafikiri kwamba ugonjwa wa mutu ni habari moja, na ugonjwa wa ngombe ao mbuzi ni habari ingine kabisa. Yule anayetaka kuwa munganga wa watu anaheshimiwa, na yule anayetaka kutunza nyama anachekwa. Maisha ya Bruce yanaonyesha kwamba ule ukuta tumeujenga sisi wenyewe. Mikrobi hazijui kwamba ukuta uko pale.

UTOTO NA MASOMO

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 katika muji wa Melbourne, inchi ya Australia. Wazazi wake walitoka Uskoti. Baba yake alikuwa fundi wa mashini, na alikwenda kule ng'ambo kuweka mashini ya kuponda mawe ya zahabu. Sisi wa Panda hatuna lazima ya kuelezwa sana juu ya kazi ya namna ile. Baba na babu zetu wengi walitumika kwa Union Minière, na kisha kwa Gécamines, na tunajua namna familia nzima inavyohama kwa kufuata jiwe. Mutoto alipofika miaka mitano, wote walirudi Uskoti, wakakaa katika muji wa Stirling.

Musifikiri kwamba alikuwa mutoto wa kupenda vitabu. Aliacha masomo akiwa na miaka 14, akaenda kutumika katika kampuni moja kule Manchester. Alikuwa na mwili wa nguvu, akapenda michezo kupita kitu chochote, na alifikiri kwamba michezo ndiyo itakayomulisha. Lakini alipokuwa na miaka 17 alishikwa na ugonjwa mukali wa mapafu, na ule mupango ukavunjika. Akarudi kwa vitabu. Katika mwaka 1876, akiwa na miaka 21, aliingia universite ya Edinburgh. Kwanza alitaka kujifunza habari za nyama na ndege, kwa sababu alipenda sana ndege. Rafiki moja akamushauri kuchukua masomo ya uganga, akakubali, akamaliza mwaka 1881.

Hapa tunasimama kidogo. Kati yetu wako waliopoteza mwaka juu ya ugonjwa ao juu ya minerval. Ule mutu aliacha masomo kwa miaka mingi, na alipoingia universite hakujua atakuwa munganga. Kuchelewa si kushindwa. Tena yale masomo ya nyama na ndege hayakupotea bure. Mutaona namna yalivyomusaidia.

Mwaka 1883 alioa bibi, Mary Elizabeth Steele, binti wa munganga. Tafazali mushike hili jina, sababu bila ule mama habari yetu haiwezi kutembea. Mary alijifunza kutumia mikroskopi, kupaka mikrobi rangi ili zionekane, na kuchora kwa mukono kila kitu walichokiona. Kila fasi bwana yake alipotumwa, naye alikwenda, na kazi ya labo ilikuwa ya watu wawili.

HOMA YA MALTA

Ule mwaka wa kuoa, Bruce aliingia katika jeshi la Waingereza kama munganga, na mwaka 1884 walimutuma Malta, kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Mediterane. Kule askari waliugua homa ya ajabu. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kwa majuma na hata kwa miezi. Mugonjwa alitoka jasho usiku, viungo vikamuuma, nguvu zikamwisha. Hakuna aliyejua inatoka wapi.

Mwishoni mwa mwaka 1886, Bruce aliona mikrobi ndogo sana katika bandama la askari waliokufa. Akaipandisha katika labo, akaitia katika mwili wa kima, na kima akashikwa na homa ile ile. Akaandika habari hiyo mwaka 1887. Basi, mikrobi ilipatikana. Lakini inaingiaje ndani ya mutu? Kwa maji? Kwa hewa? Kwa vumbi? Hakujua. Jibu lilikuwa linatembea barabarani kila asubuhi mbele ya macho ya watu wote, lakini ilipita karibu miaka 20 mbele ya kuonekana. Tutarudi kwa jambo hili.

NGOMBE WA ZULULAND

Mwaka 1894 walimwita Bruce Afrika ya Kusini, katika inchi ya Wazulu, kwa sababu ngombe na farasi walikufa kwa ugonjwa uitwao nagana. Hili ni neno la Wazulu wenyewe. Nyama anakonda, macho yanatoa machozi, damu inakuwa maji maji, anakufa. Fikirini vizuri: walimwita munganga wa askari kwa kutunza ngombe. Wengine wangekataa kwa kuona ni kujishusha. Bruce na Mary wakakubali. Wakapanda mulima wa Ubombo, wakakaa katika nyumba ya miti na udongo, na kule wakatengeneza labo yao.

Kuhusu ule ugonjwa kulikuwa na maneno mawili. Wazulu walisema ugonjwa unaletwa na nyama wakubwa wa pori, ambao wanachafua majani, na ngombe anapokula majani yale anaugua. Wazungu wawindaji walisema ni inzi, mbung'o ao tsetse, na kwamba inzi yenyewe iko na sumu. Bruce hakucheka wala hawa wala wale. Alipima maneno yote mawili.

Juu ya mulima hakukuwa na mbung'o. Chini, katika pori, walijaa. Alishusha farasi katika pori, lakini hakuwaacha kula wala kunywa kitu cha kule, kisha akawarudisha juu. Wakaugua. Akaleta majani na maji ya kule chini, akawapa farasi wazima waliokuwa juu ya mulima. Hawakuugua. Kisha akashika mbung'o katika pori, akawapandisha juu ndani ya vizimba, akawaacha waume nyama wazima. Wakaugua. Basi si majani, ni inzi.

Lakini inzi haikuwa na sumu yake yenyewe. Katika damu ya nyama wagonjwa aliona kidudu kidogo sana chenye kuogelea kama musunga, na inzi ilikuwa inabeba kile kidudu toka nyama moja mupaka kwa mwingine. Vidudu vya namna hii vinaitwa tripanosoma. Mwaka 1899 wachunguzi walikiita kwa jina la Bruce mwenyewe, Trypanosoma brucei.

Na inzi inakitoa wapi? Bruce alichukua damu ya mbogo na ya nyama wengine wa pori, akaitia katika mwili wa mbwa. Wale nyama wa pori walionekana wazima kabisa, lakini mbwa wakaugua nagana. Kumbe wanabeba kidudu bila kuumwa. Mumeona? Wazulu walishika nusu ya kweli, na wawindaji wakashika nusu ingine. Aliyefaulu ni yule aliyesikiliza pande zote mbili kisha akapima. Na kupima kule ndiko walimu wetu wa biolojia wanakokuita eksperiansi: badilisha kitu kimoja tu, acha vingine vyote vile vilivyokuwa, kisha uangalie.

Mwaka 1899 vita ilianza kati ya Waingereza na Waburu. Bruce na Mary walifungiwa ndani ya muji wa Ladysmith, uliozungukwa na maadui karibu miezi mine. Bwana alipasua majeruhi, bibi akawauguza. Vita ilipokwisha walirudi kwa kazi yao ya mikrobi.

UGANDA, UGONJWA WA USINGIZI

Sasa tunafika kwa jambo zito kuliko yote. Mwaka 1901, waganga wa lupitalo ya misioni ya Kiprotestanti pa Mengo, Albert Cook na ndugu yake Jack Cook, walitambua wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa usingizi kule Uganda. Mugonjwa anapata homa, anakonda, tabia yake inageuka, analala muchana na kukosa usingizi usiku, na mwisho anakufa. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa kando ya ziwa Victoria na visiwa vyake. Vijiji vilibaki bila watu.

Kundi la kwanza la wachunguzi lilifika mwaka 1902. Katika kundi hilo alikuwa kijana wa Italia, Aldo Castellani. Yeye aliona tripanosoma ndani ya maji ya uti wa mugongo wa wagonjwa, lakini hakuwa na hakika maana yake ni nini. Bruce alifika pa Entebbe katika mwaka 1903, na kwa kuwa alikuwa ameona nagana, alifahamu mara moja: kama kidudu ni ndugu wa kile cha ngombe, tutafute inzi.

Namna ya kutafuta ilikuwa rahisi na ya akili. Aliomba musaada wa Apolo Kagwa, waziri mukubwa wa Buganda, wa wakubwa wa vijiji na wa wamisionere. Watu wa kila upande walileta mainzi yenye kuuma, wakisema yametoka wapi, na kama ugonjwa uko kwao ao hapana. Kisha wakatengeneza karata mbili, moja ya mbung'o na moja ya ugonjwa. Walipozilinganisha, zilifanana: palipo na ugonjwa, mbung'o yuko. Halafu wakapima kwa kima, na kima walioumwa na mbung'o wakaugua. Njo vile ikajulikana.

Lazima tuseme na upande mubaya. Bruce na Castellani, na watu wao, walibishana miaka mingi juu ya nani alivumbua kwanza. Castellani aliona kidudu, Bruce akaonyesha maana yake na njia yake, na maelfu ya watu wa Buganda, ambao majina yao hayakuandikwa, ndio walioshika mainzi. Sifa ilitosha kwa wote, lakini haikugawanywa vizuri.

Tena ule uvumbuzi ulileta uchungu. Toka mwaka 1906 gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahame kando ya ziwa, na kisha visiwa vya Sese. Ni kweli kwamba vifo vilipunguka. Lakini watu waliacha mashamba ya ndizi, mitumbwi, uvuvi na makaburi ya wazee wao, na hakuna aliyewauliza. Munganga anaweza kuwa na haki juu ya inzi, na serikali ikakosea namna ya kutendea watu. Tukumbuke mambo yote mawili.

MBUZI WA MALTA

Sasa turudi Malta. Mwaka 1904 serikali ya Uingereza iliweka komisio ya kuchunguza ile homa, na Bruce akawa mukubwa wake. Kule Malta watu walikunywa maziwa ya mbuzi. Muchungaji alitembeza mbuzi nyumba kwa nyumba, na kumukamua mbele ya mulango. Mbuzi walionekana wazima, walinona, manyoya yao yakang'aa. Nani angewawazia mabaya?

Mwaka 1905 munganga wa Malta kwenyewe, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi. Akakuta mbuzi wengi wana alama ya ugonjwa, na mikrobi iko katika maziwa yao. Ule ule mwaka meli moja ilichukua mbuzi toka Malta kupeleka Marekani, na watu wa meli waliokunywa maziwa yao wakaugua. Mwaka 1906 jeshi lilikataza askari kunywa maziwa ya mbuzi bila kuyachemsha, na mara moja homa ikapunguka sana kati yao. Lakini raia wa Malta waliendelea kunywa na kuugua kwa miaka mingi, kwa kuwa kwao mbuzi alikuwa chakula na mali, na kukataza tu bila kuwapa njia ingine hakukusaidia. Na sifa nyingi zilimwendea Bruce, kuliko Zammit aliyepima mbuzi.

Habari haikuishia pale. Toka mwaka 1897 munganga wa nyama wa Denmark, Bernhard Bang, alikuwa amevumbua mikrobi inayofanya ngombe kuharibu mimba. Kwa miaka 20 hakuna aliyefikiri kwamba hizi mikrobi mbili ni za jamaa moja, kwa sababu moja ilisomwa na waganga wa watu, na ingine na waganga wa nyama. Mwaka 1918 mama moja wa Marekani, Alice Evans, alionyesha kwamba zinafanana karibu kabisa. Wakubwa hawakumusadiki, kwa kuwa alikuwa mwanamuke na hakuwa na digri ya udaktari. Baadaye wote wakakubali. Mwaka 1920 ile jamaa ya mikrobi ikaitwa Brucella, kwa jina la Bruce, na ugonjwa wenyewe leo unaitwa brusela.

NA KWETU KONGO?

Katika miaka ile ile, ugonjwa wa usingizi uliua watu wengi kando ya mito ya Kongo. Mwaka 1903 shule ya uganga ya Liverpool ilituma huku wachunguzi, kati yao Joseph Dutton na John Todd. Dutton ndiye aliyetoa jina la tripanosoma ya watu, mwaka 1902, kisha kazi yake kule Gambia. Katika Kongo walichunguza pia homa inayoletwa na kimputu, ile papasi ya nyumba za udongo, na Dutton mwenyewe akashikwa na homa hiyo. Alikufa pa Kasongo, tarehe 27 Februari 1905.

Hapa Katanga, toka mwaka 1910 mupaka 1912, kundi la wachunguzi wa Ubelgiji chini ya munganga Jérôme Rodhain lilifanya kazi upande wa Bukama na Sankisia. Walichunguza watu, nyama na mbung'o pamoja, kwa njia ile Bruce aliyoifungua. Na katika Kongo ya wakoloni wagonjwa walitengwa katika makambi, na safari zikakatazwa bila karatasi ya munganga. Watu wengi waliogopa munganga kuliko ugonjwa, wakaficha ndugu zao. Woga ule uliharibu kazi nyingi.

KAZI INAENDELEA

Toka 1908 mupaka 1910 Bruce alirudi Uganda, pa Mpumu. Mwaka 1909 Mujerumani Friedrich Kleine, aliyefanya kazi katika Tanganyika, alionyesha kwamba kidudu kinakomaa ndani ya mbung'o kwa majuma kadhaa mbele ya inzi kuweza kuambukiza. Bruce zamani alifikiri inzi inabeba damu paka kwa mudomo, sawa sindano isiyosafishwa. Alipima maneno ya Kleine, akakuta ni ya kweli, akayatangaza. Mutu mukubwa anayekubali kusahihishwa ni mukubwa mara mbili.

Toka 1911 mupaka 1914 alikuwa Nyasaland, inchi inayoitwa leo Malawi, kwa kuchunguza ugonjwa wa usingizi wa namna ya mashariki, ule mukali unaoua kwa haraka. Alimaliza akisema kwamba kidudu chake ni kimoja na kile cha nagana ya ngombe. Wengi walimupinga. Tena alitaka nyama wa pori waondolewe katika fasi za ugonjwa, na kwa shauri hilo alipingwa kwa nguvu zaidi.

Uchunguzi wa miaka yetu umeonyesha kwamba juu ya kidudu alikuwa karibu sana na kweli. Damu ya mutu iko na kitu kinachoua tripanosoma ya nagana, ndiyo sababu mutu hashikwi na nagana ya kawaida. Tripanosoma ya mashariki ni ndugu kabisa wa ile ya nagana, lakini imepata silaha ndogo, jeni moja inayozuia kile kitu cha damu yetu. Kwa hiyo ngombe anaweza kubeba ugonjwa wa mutu. Kule Uganda, katika wilaya ya Soroti, ugonjwa ulitokea toka mwisho wa mwaka 1998, na wachunguzi wakakuta ulifuata ngombe waliouzwa sokoni. Kisha toka mwaka 2006 walianza kutibu ngombe kwa wingi, ili kuokoa watu.

Kwa namna yetu ya Kongo, ile ya magaribi inayotembea polepole, kuna habari njema. Zamani dawa moja, melarsoprol, iliyo na sumu ya arseniki, iliua karibu mugonjwa moja kati ya 20 waliotibiwa nayo. Mwaka 1998 dunia iliandika wagonjwa karibu 40,000, na wengi wao walikuwa Wakongomani. Mwaka 2018 walikuwa chini ya 1,000. Ule ule mwaka wa 2018 dawa mupya, feksinidazoli, ilikubaliwa. Ni vidonge vya siku kumi, bila sindano. Ilipimwa zaidi katika Kongo yetu, na waganga Wakongomani waliongoza kazi. Kisha wakapima dawa ingine, akoziboroli, vidonge vitatu vya siku moja tu. Habari yake ilitolewa mwaka 2022: kwa watu zaidi ya 200 wa Kongo na Guinea, zaidi ya 95 kati ya kila 100 walipona.

Mwaka 2016 wachunguzi walionyesha tena kwamba tripanosoma inaweza kujificha katika ngozi ya mutu asiyejua kama anaumwa. Waliikuta katika vipande vya ngozi vilivyotunzwa toka zamani hapa Kongo. Na juu ya mbung'o wanatumia vitambaa vidogo vya rangi ya buluu vyenye dawa, kwa sababu mbung'o anavutwa na rangi ile. Mbung'o jike hatagi mayai mengi sawa mbu. Anazaa mutoto moja moja tu, kwa hiyo ukimuua, jamaa yake inapunguka haraka.

MWISHO WAKE

Katika vita ya 1914 mupaka 1918 Bruce aliongoza chuo cha waganga wa jeshi, na akatumika juu ya ugonjwa wa pepopunda uliowashika majeruhi. Aliacha kazi mwaka 1919. Mary alikufa tarehe 23 Novemba 1931. Siku ine baadaye, tarehe 27 Novemba, wakati watu walipokuwa katika ibada ya kumukumbuka Mary, Bruce naye akakata roho. Walifanya kazi pamoja miaka 48, na kifo hakikuwatenganisha hata juma moja.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, afya ya mutu, ya nyama na ya pori ni kamba moja yenye nyuzi tatu. Ukikata moja, zote zinalegea. Universite ya Lubumbashi, karibu na sisi, iko na fakilte ya uganga wa watu na fakilte ya uganga wa nyama. Wenzetu wanaopenda nyama wasione haya kuchagua ya pili. Ngombe anayetibiwa vizuri ni ukuta mbele ya mulango wa mutoto.

Pili, maneno ya watu wa kijiji yasitupwe, na maneno ya wenye elimu yasimezwe bila kupimwa. Yote mawili yapimwe sawasawa.

Tatu, kazi kubwa haina mutu moja. Nyuma ya jina la Bruce kuna Mary, kuna Zammit, kuna Castellani, kuna Apolo Kagwa, na kuna washika mainzi wasio na jina. Tunapoandika kazi zetu za darasani kwa makundi, tuandike majina ya wote waliofanya.

Na mwisho, mambo ya nyumbani. Maziwa mabichi, ya ngombe ao ya mbuzi, yachemshwe mupaka yafure, hata kama nyama anaonekana muzima na munene. Ngombe ao mbuzi akitupa mimba, musishike ile mimba kwa mikono mitupu, na mumwite munganga wa nyama. Na mutu akirudi toka safari ya pori ao ya mutoni na homa isiyokwisha, tena usingizi wake umegeuka, asingoje maombi peke yake wala dawa za sokoni. Apelekwe lupitalo wapime damu yake. Hata kwa ugonjwa wa usingizi, leo dawa iko, haiuwi sawa ile ya zamani, lakini inasaidia yule anayefika mapema.